Mstari Niliouita Harusini kwa Mwanangu

Anayeita ngoma haiti wakati wa hatua. Anaita kabla kidogo, ili neno likifika masikioni miguu iwe inajiandaa. Ukiita pamoja na mdundo umeshachelewa. Ukiita baada ya mdundo, hapo huiti tena, unasimulia ajali. Hilo nalijua vizuri, nimelifanya kwa miaka, na ndiyo maana katika hii habari sina pa kujificha.

Watu wananiuliza, mama wa kanisa kama wewe, mwimbaji wa kwaya, mambo ya madisko uliingilia wapi? Niliingilia shuleni. Mimi darasa la saba sikulifikia. Nilitolewa shule nikalee wadogo zangu kule Isansa, baadaye nikaolewa nikaja Tunduma, nikaweka meza ya kuuza mchele na maharage mtaa wa Chapwa. Watoto walipokuwa wakubwa ndo nikaanza masomo ya jioni, nakaa dawati moja na wasichana ambao ningeweza kuwazaa. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa dada wa kizungu, wa kujitolea. Aliona tunachanganya kulia na kushoto, juu na chini, siku moja akasema sogezeni madawati ukutani. Akatupanga mistari miwili tukitazamana, akatufundisha ngoma ya kwao.

Ngoma yenyewe haina ugumu. Mbele yako kuna mwenzio. Nyie wawili mnaungana na wawili wanaofuata, mnakuwa wanne. Mnashikana mikono mnazunguka. Kisha unamshika jirani mikono yote miwili, mnazungushana, unarudi kwa mwenzio. Halafu mnapitana: nyie mnateremka mstari, wale wanapanda, kila mtu anakutana na wapya, mnaanza upya. Hivyo hivyo mpaka muziki uishe, na wakati huo umeshashika mikono ya karibu kila mtu ukumbini. Mwalimu alisema huo ndio utamu wake, hakuna anayebaki peke yake. Pembeni anasimama mtu mmoja na kipaza sauti, anaita kinachofuata. Alipouliza nani ataita, darasa zima likanisonta mimi, kwa sababu nikiimba, hata madereva waliokwama kwenye foleni ya malori ya mpakani wanageuka kutazama.

Yule dada alirudi kwao. Ngoma ikabaki na sisi. Nikaibadilisha maneno yote yakawa ya Kiswahili. Muziki wake wa violini haukuwanogea watu wa huku, kwa hiyo ndugu mmoja aliyekuwa anatupigia kinanda kwaya, ambaye sasa anatengeneza simu, akaanza kutengeneza midundo kwenye kompyuta. Besi nzito, makofi ya mashine, na kajisauti kembamba juu kama filimbi. Vijana wakaipa ngoma jina la foleni. Tunduma ukisema foleni kila mtu anaelewa: unasogea kidogo, unasimama, unamtazama uliyesimama naye, unasogea tena.

Mimi mwenyewe nilikuwa na hofu. Kila nikitoka kuita nilipiga magoti kitandani nikamwuliza Mungu kama nimekosea. Mwisho nikamwambia mchungaji aje aone. Akaja, akakaa viti vya nyuma na Biblia mapajani, akatazama mpaka mwisho. Nikamfuata.

"Baba mchungaji, unasemaje?"

"Mama, mimi nyonga sijaziona. Nimeona watu wanasalimiana kwa fujo."

"Kwa hiyo niendelee?"

"Endelea. Ila taa msizime."

Basi nikawa mlinzi wa nyonga. Nikiona kijana anaanza kukata kiuno nilikuwa namwita hadharani kwenye kipaza sauti, "Wewe wa shati jekundu, viuno tumeviacha nyumbani," watu wanacheka, anajirekebisha. Niliamini kama dhambi itakuja itapitia hapo. Kwenye mikono sikuwa na wasiwasi kabisa.

Mwanangu wa kwanza, binti, akapata mchumba. Kijana mpole, fundi umeme, watu wake ni wa milimani Ileje. Siku ya kitchen party shangazi yake yule kijana alikuja kumfunda binti desturi za kwao. Mama mfupi, mkavu, anaongea taratibu kama anapima dawa. Alisema, mwanangu, baba mkwe wako hutamtazama usoni. Humpi mkono. Jina lake hulitaji. Akiwa anakuja njiani, wewe unaacha njia unaingia pembeni unageuka mpaka apite. Si kwamba anakuchukia. Ndivyo anavyokuheshimu, na wewe ndivyo unavyomheshimu.

Binti akauliza, "Hata tukiwa tumeokoka wote, shangazi?"

"Hata mkiwa mmeokoka. Kuokoka kumekukataza heshima?"

Wanawake wakacheka. Na mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye mkeka, nimesikia kila neno. Wala siyo jambo geni kwangu. Kwetu sisi mwiko kama huo uko kati ya mkwe wa kiume na mama mkwe. Huyo kijana, mkwe wangu, mpaka leo sijampa mkono. Akiingia sebuleni mimi natokea mlango wa uani na sufuria yangu. Kwa hiyo nisije nikasema sikujua.

Ukumbi tuliupanga kwa makini. Meza ya maharusi upande huu, meza ya baba mkwe upande ule, katikati tukaweka nguzo za maua marefu ili macho yasikutane. Wazee wa kwao walifurahi. Mmoja alimwambia mume wangu, "Nyie watu wa barabarani kumbe mna adabu." Mume wangu ni dereva wa lori, akajibu, "Adabu tumejifunzia kwenye foleni, mzee." Mambo yakaenda vizuri, zawadi, vigelegele, ndugu zetu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wakatuimbia kwa Kibemba chao. Binti akatoka kwenda kubadili nguo.

Hapo ndipo MC akanipa kipaza sauti akasema, mama, nafasi yako. Na mimi nilikuwa naisubiri hiyo nafasi kuliko keki, niseme ukweli. Nimeita harusi za watoto wa watu, sasa ni ya mtoto wangu. Nikapanda jukwaani. Ndugu wa kinanda yuko nyuma ya kompyuta yake. Nikaita watu wapange mistari, nikawafundisha hatua bila muziki, kisha nikamwonyesha kidole aanze.

Mdundo ukaingia. Mistari ilikuwa mirefu kutoka jukwaani mpaka mlango wa jikoni. Raundi za mwanzo unaita kila kitu: "Wanne, mikono! Jirani, zungusha! Rudi kwa wako! Pitaneni!" Miguu ikishazoea unapunguza maneno, mwisho unanyamaza kabisa. Hapo ndipo anayeita anapata malipo yake. Umenyamaza, na watu wote wanajua. Mstari unapumua wenyewe. Ukiwa juu pale unaona vichwa vyote vinageuka pamoja, nguo zinapepea pamoja, na hakuna aliyewaambia.

Binti akarudi na mumewe. Amevaa gauni la kitenge, kile kile cha sare ya akina mama wa upande wetu, alitaka iwe hivyo. Nikafurahi, nikashika kipaza sauti bila kufikiri nikaita, "Maharusi, juu ya mstari!" Watu wakapiga kelele. Wakaingia juu, karibu na miguu yangu, wakaanza kuteremka.

Raundi iliyofuata ndo nikatupa macho kule chini, mlango wa jikoni. Nikaona mzee mmoja mrefu amevua koti, anacheza na dada yake. Anacheza vizuri. Anaweka mguu mahali pake bila haraka, mgongo umenyooka, mkono anautoa kama mtu anayekukabidhi kitu. Nilimtazama kwa furaha kwanza. Kisha nikamtambua. Alikuwa baba mkwe. Na yule dada yake alikuwa shangazi yule yule wa kitchen party. Walikuwa wameingia mstarini binti akiwa nje anabadili nguo, walijua hayupo, na nilipoita maharusi sauti yangu ilimezwa na kelele kabla haijafika kule chini. Na sasa, kwa taa zile za rangi, na kitenge kilichofanana na vya wenzake, wao wasingemtambua haraka.

Huyu anateremka. Yule anapanda. Kila raundi wanasogeleana.

Ndugu wa kinanda aliniona nimebadilika uso. Akainua macho, kidole chake kiko juu ya kitufe cha kuzima. Akauliza kwa nyusi tu. Mimi nikatikisa kichwa, hapana.

Nimefikiria sana kile kichwa changu kilichotikisika. Nilikuwa na muda. Ningeweza kusema muziki umeharibika. Ningeweza kuwaita maharusi wakate keki. Ila ndugu wa Nakonde walikuwa wanapiga video, mwanakwaya mmoja alikuwa analia kwa furaha, na sijawahi kuwa na mstari mzuri kama ule. Nikajiambia bado kidogo. Raundi moja tena. Nikajiambia pia kwamba mimi ni mjanja: watakapobakiza hatua ya mwisho nitaita kitu kipya, nitawaambia wote wageuke wapeane migongo, watapitana migongo kwa migongo, hakuna atakayejua, na watu watadhani ni mtindo. Nilijiona nimeshapata jibu. Nilikuwa hata natabasamu.

Enzi zile ndugu yetu anapiga kinanda kwa mikono, ukichelewa alikuwa anakusubiri. Anakutazama, anarefusha sauti, anakupa nafasi ya kuvuta pumzi. Kompyuta haimsubiri mtu. Nilivuta pumzi nikaita, "Geuka! Mpe mgongo!" Neno likatoka wakati mdundo umeshapiga. Wachache waligeuka, wengi hawakugeuka, na kule katikati mwanangu alikuwa ameshaitoa mikono yake yote miwili kwa jirani, na jirani ameshaipokea.

Wakazunguka nusu. Nusu tu. Kisha nikaona amemwona.

Binti alianguka chini pale pale, akajifunika kichwa kwa mikono. Mzee alibaki amesimama, mikono iko mbele yake vile vile, kama imeshika bakuli la moto na hajui pa kuliweka. Shangazi alifungua khanga kiunoni akaitandaza kati yao, akaishika hivyo. Nyuma yao watu wakagongana. Mdundo unaendelea, makofi ya mashine yanapiga, mpaka ndugu wa kinanda alipozima bila kuniuliza tena.

Watu wa Ileje hawakugomba. Walikusanya makoti yao, watoto wao na masufuria yao, wakaaga wenyeji mmoja mmoja, wakatoka kabla ya keki. Mzee alitoka kwanza kwa mlango wa jikoni ili asipite mbele ya binti. Bora wangegomba.

Mume wangu alinikuta nimekaa kwenye ngazi za jukwaa. Akakaa. Akasema, "Mama, ungekuwa trafiki wa pale mpakani ungetuua wote." Nilitaka kucheka nikashindwa. Naye akaona, akanishika bega.

Kwa watu wale bibi harusi anapelekwa kwa wakwe, anaonyeshwa mafiga ya nyumba hiyo, anapika chakula cha kwanza, mkwe anakila akiwa kwake ndani. Akishakula, binti ni wa nyumba hiyo. Sasa wakatuma neno kwamba mafiga hayataonyeshwa kwanza. Hawakusema lini. Binti na mumewe walikuwa wamepanga chumba Nanyala, maisha yao yakaanza hapo. Lakini kijana akienda kwao kusalimia alikwenda peke yake. Msiba ukatokea kwa mjomba wake, akaenda peke yake. Wapangaji wenzao wakaanza kuuliza maswali yale ya kujifanya ya utani, kwamba wewe bibi harusi, ukweni ulishapaona au uliolewa na ukuta?

Nilikwenda kumwona. Nilibeba mchele, maana mama akikosa maneno anabeba mchele. Alinipokea, akaninawisha, akanipa uji. Tukakaa tukisikiliza malori ya barabarani. Mimi nikaanza na yale niliyoyapanga, kwamba ni bahati mbaya, taa zilikuwa mbaya, kitenge kilifanana.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Mama, sisi kule chini tunaona wale wanne tu. Unamwona mwenzio, unamwona jirani, basi. Mimi sikumwona baba. Baba hakuniona."

"Najua, mwanangu."

"Wewe ulikuwa juu. Mstari wote ulikuwa unauona wewe tu."

Akachukua kikombe changu akaongeza uji ambao sikuuomba.

Niliacha kuita. Walinialika kwenye harusi Chapwa pale pale, hatua chache kutoka mezani kwangu, nikasema naumwa koo. Jumapili nilikuwa naimba kwaya na koo zima, nikijua waliosikia ule uongo wamekaa kwenye mabenchi. Nilisali sana. Lakini kila nikisali nilikuwa namwambia Mungu habari za taa na kitenge, mpaka siku moja katikati ya sala nikajisikia mwenyewe, nikaona aibu, nikanyamaza. Siku hiyo ndo nikamwambia mume wangu twende Ileje.

Tulifika asubuhi, baridi, ukungu umeshika migomba. Shangazi alitupokea, akatukalisha barazani. Mzee alikuwa ndani, mlango wazi, amekaa karibu kabisa na mlango ila hatumwoni uso. Mume wangu aliongea naye mambo ya barabara na bei ya mahindi, kama wanaume wanavyofanya, wanapasha moto gari kwanza. Kisha mzee akanigeukia kwa sauti.

"Mkwe, umeamkaje?"

"Salama, mkwe. Shikamoo."

"Marahaba. Nasikia umeacha kuita."

"Nimeacha."

"Nani kakuachisha?"

"Hakuna. Nimeona nimeharibu."

Akakohoa. "Mimi niliyeingia mstarini si mtoto mdogo. Hakuna aliyenivuta. Ujana wetu huku tulicheza ngoma za mistari, na wanaume tulikuwa tunajipodoa kwelikweli. Nikasikia ile ngoma yako, nikamwambia dada yangu, binti ametoka, twende kidogo tukarudi kukaa. Nikajisahau. Tangu siku ile hata kanisani nakaa nyuma. Mzee mzima, mwanzo wa harusi mpaka mwisho nimewekewa nguzo za maua, nikaenda kuzizunguka kwa miguu yangu."

Shangazi akasema, "Na mimi nilikuwepo. Tena mimi ndiye mwalimu." Alisema bila kumtazama mtu.

Hapo ningeweza kukaa kimya. Kila mmoja alikuwa ameshachukua kipande chake cha kosa, langu lingebaki dogo, la kuchelewa neno moja. Mume wangu alishaanza kulegea kwenye kiti. Nikasema, "Mkwe, mimi nilikuona."

"Uliniona lini?"

"Mapema. Bado mko mbali. Mwenye muziki aliniuliza azime, nikakataa."

Kuku alipanda barazani, shangazi akamfukuza kwa mguu. Nikamsikia mzee anahamisha kiti.

"Kwa nini ulikataa?"

Nikatafuta jibu la kanisani sikulipata. "Mstari ulikuwa mzuri," nikasema. "Na wewe ndiye uliyekuwa unacheza vizuri kuliko wote. Sikutaka kukukatisha."

Mume wangu akainamisha kichwa. Nikajua nimeharibu mara ya pili. Kisha kule ndani nikasikia sauti ndogo, kama mtu anayepuliza uji wa moto. Mzee alikuwa anacheka, anajizuia.

"Dada, umesikia?" akamwambia shangazi. "Kuliko wote."

"Nimesikia. Usivimbe."

Kisha sauti yake ikawa nyingine. "Mkwe, umenifurahisha na umeniumiza. Ulinitazama nikimwendea mtoto wako kama unatazama sinema. Yeye ndiye aliyeanguka chini. Si mimi, si wewe."

"Ndiyo, mkwe."

"Hilo lazima lifanyiwe kazi yake. Leteni kuku na jembe kama desturi inavyotaka, ndugu zangu bila hivyo hawatanielewa. Na siku hiyo, mbele yao, usiseme ulichelewa. Sema hivi ulivyosema sasa."

Nikasema nitasema.

Tukarudi siku waliyoipanga, tukiwa na binti na mumewe. Nilisema mbele ya ndugu zao, nimesimama, mikono imeshika upindo wa khanga yangu. Sikuongeza taa wala kitenge. Baadhi walitikisa kichwa kwa namna ambayo haikuwa ya kunisamehe. Mzee mmoja alisema, "Huyu mama sauti anayo, macho anayo, ila breki hana," na wengine wakacheka, nami niliona ni haki yao kucheka.

Kisha shangazi akachukua uwanja. Binti alikuwa nje ya ua, amefunikwa khanga mpaka miguuni. Mzee alisimama katikati ya ua, mgongo ameuelekeza lango. Shangazi akasimama pembeni yao, mahali ambapo anawaona wote wawili, na akaanza kuwaambia. Hakupaza sauti.

"Binti, geuka. Sasa njoo kinyumenyume. Taratibu. Kaka, usigeuke. Binti, simama. Piga magoti. Jembe weka nyuma yako. Ondoa mkono. Kaka, sasa pokea."

Kila neno lilikuja kabla. Binti alikuwa hajafika pa kusimama, neno la kusimama limeshatoka. Mzee alikuwa hajaanza kunyoosha mkono, ameshaambiwa. Mgongo kwa mgongo wakapokezana jembe na kuku, hakuna ngozi iliyogusa ngozi. Hakukuwa na muziki hata kidogo, kuku ndiye aliyepiga kelele. Na mimi pale benchini, Mungu anisamehe, midomo yangu ilikuwa inachezacheza. Nilikuwa naita pamoja naye. Shangazi akaniona, akasimamisha kila kitu.

"Mama mkwe, leo nyamaza."

"Nimenyamaza, dada."

Nikaziba mdomo kwa khanga. Wakaendelea.

Baada ya hapo wanawake wakampeleka binti jikoni. Wakamwonyesha mafiga, wakamwonyesha kuni zinapokaa, chungu cha maji, na panya anapopitia, akapika. Sisi tulikaa nje. Moshi ukatoka, harufu ya ugali na maharage ikatoka. Mtoto mmoja wa nyumba akachukua sinia akampelekea mzee chumbani, mlango ukarudishwa. Kila mtu uani alikuwa anajifanya anaongea mambo mengine. Mwanangu alitoka jikoni akasimama ukutani, macho mekundu kwa moshi, anatazama ule mlango. Mumewe alikuwa ng'ambo ya ua naye anautazama. Mimi niliwatazama wote wawili, na safari hii sikuona kitu chochote kizuri ndani yake, niliona mtoto wangu anavyosubiri.

Yule mtoto akatoka na sinia. Tupu. Hata mchuzi ulikuwa umekombwa. Shangazi akaliinua juu wote walione, wanawake wakapiga vigelegele, na wale wazee waliokuwa hawajatabasamu wakaanza kuulizana pombe ya harusi iliyobaki nani aliificha.

Jioni tukiwa tunaondoka binti alinisindikiza mpaka kwenye gari. Yeye alikuwa anabaki, siku chache za kukaa ukweni. Alikuwa na unga kwenye viwiko. Hakunikumbatia. Alinishikia mlango wa gari, akasema, "Mama, ile ya kupeana migongo."

"Niache na hiyo, mwanangu."

"Ni nzuri. Ungeita mapema ingekuwa nzuri."

Nikamtazama nione kama anatania au ananilaumu. Uso wake haukunipa jibu, na sikuwa na haki ya kuudai. Akafunga mlango, akapiga bati la gari mara mbili kwa kiganja kama wanavyofanya matandiboi wa malori, gari likaondoka. Njia nzima nilikuwa nimekaa na mikono mapajani. Mume wangu aliniuliza kama nasinzia. Nikamwambia hapana, nasali. Na kweli nilikuwa nasali, ingawa mguu wangu wa kulia ulikuwa unagonga sakafu ya gari, nami nikauwekea mkono juu ya goti, nikaukandamiza mpaka ukatulia.